Ukiletewa Dom Pérignon usiitikise: namna ya kuinunua, kuipoza, kuifungua na kuinywa

Kila ikikaribia Krismasi simu yangu inajaa meseji zinazofanana, kaka shemeji kaja kutoka Ubelgiji kaleta Dom P (yaani Dom Pérignon, shampeni ya gharama ya Ufaransa), naiweka wapi, naifungua vipi, na kwani ina nini mpaka iuzwe bei ya kodi ya chumba miezi sita. Mi nimehudumia mezani na nyuma ya kaunta kwenye mahoteli ya pwani miaka mingi, nimefungua chupa hizo nyingi kuliko nilizokunywa (nyingi sana bana, tusidanganyane), kwahiyo leo naandika yote mara moja yaishe. Kama wewe hunywi pombe sawa tu, soma historia yake uende zako, ina utamu wake.

Ukishika jambo moja mengine yote yatakuja yenyewe, kwenye hii chupa hela yako inanunua muda. Mapovu hata soda ya mtaani inayo. Hapa una mvinyo uliolala kwenye mahandaki miaka nane tisa hivi kabla hata haujapandishwa kwenye lori kwenda dukani, sasa ukiutikisa ukaumwagia watu, au ukaunywa wa baridi kama barafu kwa glasi ndefu nyembamba kisha ukameza haraka, ile miaka yote umeirudisha ikawa soda. Hela ni yako lakini inauma kuangalia.

Tuanze na jina maana hapa ndo watu wanapigwa. Champagne ni eneo la kaskazini mashariki mwa Ufaransa, miji yake inayojulikana ni Reims na Épernay, na kwa sheria ya Ulaya na nchi nyingi mvinyo wenye mapovu ambao zabibu zake hazikulimwa huko na haukutengenezwa huko kwa njia yao hauruhusiwi kuitwa shampeni. Prosecco ya Italia sio shampeni, cava ya Hispania sio shampeni, na ile chupa ya kizibo cha plastiki tunayopasua kwenye sendofu ndo kabisaa. Ndani ya shampeni yenyewe kuna ngazi. Nyingi ni mchanganyiko wa mavuno ya miaka tofauti, nyumba (ndo wanavyoita kampuni za shampeni) inachanganya ili ladha iwe ileile kila mwaka, na hizo sheria inataka zikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Halafu kuna za mwaka mmoja tu, zabibu zote za mavuno yale, lebo inaandika mwaka, na hizo lazima zikae miaka mitatu. Dom Pérignon iko kundi hili la pili, haijawahi kutoka bila mwaka, ila yenyewe inakaa karibu mara tatu ya kile sheria inachodai.

Na Moët je? Hapa nishasuluhisha ugomvi wa meza nzima. Dom Pérignon ilizaliwa ndani ya Moët & Chandon, nyumba iliyoanzishwa na Claude Moët mwaka 1743, na ukiangalia lebo ya ngao utaona maandishi madogo ya Moët et Chandon à Épernay. Mwaka 1971 Moët iliungana na Hennessy, hao hao wa konyagi ya Ufaransa unayoijua, na 1987 wakaungana na Louis Vuitton ikawa LVMH. Kwahiyo baba ni mmoja lakini chupa ya Moët ya kawaida sio Dom Pérignon ndogo, ni mvinyo mwingine, bei nyingine, umri mwingine. Mtu akikuuzia Moët akakwambia "ni ileile tu" mwambie asante, mi naenda.

Sasa huyu Dom Pérignon mwenyewe ni nani. Alikuwa mtawa, Pierre Pérignon, Mbenediktini, shirika lilelile la watawa wa Peramiho na Ndanda tunaowajua sisi. "Dom" sio jina lake la kwanza, ni heshima wanayopewa watawa wa hilo shirika, inatoka kwenye neno la Kilatini la bwana. Kazaliwa 1638 kafa 1715, na ukiangalia vizuri ni miaka ileile ya mfalme Louis wa 14, walikuja pamoja wakaondoka pamoja, mmoja kwenye jumba la kifalme la Versailles mwingine ghalani. Mwaka 1668 alipelekwa abasia ya Hautvillers, kijiji cha kilimani juu ya Épernay, akapewa kazi ya kusimamia stoo, yaani chakula, mali na mvinyo wa abasia, akaifanya miaka 47 mpaka anakufa. Kaburi lake bado liko kwenye kanisa la hapo.

Wahudumu wengi wanapenda kuwasimulia wageni kwamba yeye ndo aligundua shampeni, siku moja akaonja akaita wenzake njooni haraka nakunywa nyota. Mi mwenyewe nimeshaisimulia na bakshishi nikapata. Lakini ni hadithi ya matangazo ya karne ya 19, na sifa nyingine nyingi alibandikwa mwaka 1821 na mtawa mmoja wa abasia hiyohiyo, Dom Groussard, zaidi ya miaka mia baada ya marehemu kuzikwa. Ukweli ni kwamba yeye mapovu alikuwa anayakimbia. Kule ni baridi, zabibu zinavunwa mwezi wa tisa, hamira inaanza kula sukari, kabla haijamaliza baridi ya Desemba inaingia inalala, watu wanajaza chupa wakidhani kazi imeisha, machipuko yakija joto linaiamsha inaendelea ndani ya chupa iliyofungwa, gesi haina pa kutokea, chupa moja inapasuka inapasua jirani yake na ghala zima linalia. Waliuita mvinyo wa shetani. Kwa hiyo mapovu yale yameletwa na kipupwe, na hapa ndo nawaza Dodoma yetu, ambako mzabibu hauna kipupwe cha kuulaza na wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka. Jua letu lisingetupa ajali ile hata tungekaa miaka elfu.

Na kama unataka kumvunja mtu mdomo zaidi mwambie kwamba mwaka 1662, miaka sita kabla mtawa wetu hajafika Hautvillers, Mwingereza Christopher Merret alishasoma mbele ya Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, kwamba wafanyabiashara wanaongeza sukari kwenye mvinyo ili uchangamke. Waingereza walikuwa na vioo vigumu vilivyoyeyushwa kwa makaa ya mawe, chupa zao zilivumilia. Wafaransa hawapendi kusikia hii, nilishamwambia mgeni mmoja akaniangalia kama nimemtukania mama.

Basi mtawa alifanya nini hasa? Alichofanya ndo kile mpaka leo wanakilipia. Alichanganya zabibu za mashamba tofauti kabla hata ya kukamua, za kilima hiki zina ukali, za kile zina utamu, pamoja zinakaa sawa. Na alikamua zabibu nyeusi kwa mkono mwepesi ila kwa kuziwahi, kabla ganda halijatoa rangi, akapata maji meupe safi kutoka kwenye zabibu nyeusi. Ukinywa Dom Pérignon leo unakunywa zabibu aina mbili tu, pinot noir ambayo ni nyeusi na chardonnay ambayo ni nyeupe, inazunguka nusu kwa nusu kutegemea mwaka, na nyingi zinatoka vijiji vya daraja la juu kabisa kama Aÿ, Bouzy, Verzenay, Cramant, Avize, na lazima ziwemo za Hautvillers kwake. Udongo wa huko ni chaki, chaki hii hii ya ubaoni, inashika maji kama sponji na ndani yake wamechimba mahandaki, ya Moët pekee yana kilomita 28 chini ya mji. Mwaka 2015 UNESCO waliyaweka mashamba, nyumba na mahandaki ya Champagne kwenye urithi wa dunia.

Jina kuwa biashara ilichukua muda. Lilikuwa mali ya nyumba nyingine, Mercier, likahamia kwa Moët kwenye ndoa ya familia hizo mbili mwaka 1927, mahari ya maana hiyo. Mavuno ya kwanza kuvaa jina ni ya 1921, yaliingia sokoni 1936 wakati dunia nzima haina hela, na mtu mmoja akaamua huo ndo wakati wa kuuza kitu ghali, akapatia. Kitu watu wengi hawajui, miaka ile ya mwanzo hadi mavuno ya 1943 ilikuwa ni shampeni ya mwaka ya Moët iliyohamishiwa kwenye zile chupa zenye umbo la karne ya 18, tumbo pana shingo nyembamba, ndo baadaye ikawa inatengenezwa peke yake mwanzo mwisho. Ya pinki ilianza na mavuno ya 1959, na meza iliyoitangaza ni ya Shah wa Iran kule Persepolis mwaka 1971 akisherehekea miaka 2500 ya ufalme wa Uajemi. Miaka minane baadaye hana kiti. Nyumba inaendelea tu.

Haya, kununua. Kitu cha kwanza soma mwaka. Dom Pérignon haitoki kila mwaka, mavuno yakiwa mabaya wanaacha, ndo maana hutakuta ya 2001 wala 2007 wala 2011, ukiona mtu anakuuzia 2011 hapo umeshapata jibu la bure. Na hazitoki kwa foleni, ya 2009 iliingia sokoni kabla ya 2008 kwa sababu ya 2008 ilikuwa bado ina ukali haijatulia wakaiacha ilale. Miaka nayoweza kukusemea: 2003 lilikuwa joto la kuua Ulaya nzima, Champagne walivuna mwezi wa nane, mapema kuliko mwaka wowote tangu 1822, kwahiyo imetoka nene, nzito, wengine wanaipenda wengine hapana. 2008 ni ya wapenda ukali wa ndimu, imenyooka kama rula, inaweza kukaa miaka mingi bado. 2009 laini, imeiva, mtu anayeanza ataielewa haraka. 2010 ina utundatunda wa nchi za joto, chungwa na nanasi kwa mbali. Ukiniuliza mimi kwa hela yangu ningechukua 2008 nikaificha, ila kwa sherehe ya wiki ijayo ningechukua 2009 au 2010 maana wageni hawana muda wa kuusubiri mvinyo ufunguke.

Utaona pia chupa zimeandikwa P2 au P3. Hiyo P ni kifupi cha neno lao Plénitude, ukamilifu tuseme. Ni mvinyo uleule wa mwaka uleule lakini waliuacha ukae na machicha ya hamira miaka karibu 15 kwa P2, na 25 au zaidi kwa P3, na bei inaruka kila ngazi. Machicha yenyewe ndo siri, ntafika huko. Kwa chupa ya kwanza maishani chukua ya kawaida tu, P2 utaelewa ina nini ukishakuwa na cha kulinganisha.

Bei ya ile ya kawaida kule Ulaya mara nyingi inazidi euro 200. Dyutifrii inaweza kukupunguzia kidogo, klabu itakuongezea mara kadhaa na juu yake wataleta fataki na dada mwenye taa, na huko ndo utakutana na ile chupa ambayo lebo yake inawaka yenyewe gizani, usishangae, hiyo nyumba yenyewe inatengeneza kwa ajili ya klabu, ndani ni mvinyo uleule. Ukiiona inauzwa bei ya mteremko kwenye kibanda, kimbia. Wajanja wanajaza tena chupa tupu. Angalia karatasi la shingoni lisiwe limekunjwa mara mbili, waya uwe umekaa vizuri bila kutu, lebo ya ngao isiwe na gundi inayochungulia pembeni, na kizibo kikitoka kiwe na umbo la uyoga, chini kimebana juu kimepanuka, na kina maandishi. Kizibo kilichonyooka kama cha mvinyo wa kawaida hakijawahi kubanwa na presha yoyote.

Kuweka. Adui ni watatu, joto, mwanga na kutikisika. Kwa sisi wa Dar, Mombasa, Tanga, chumba chenyewe ni adui. Usiiweke juu ya kabati la sebuleni karibu na taa eti ionekane, nimeona chupa imekaa kwenye kabati la vioo miaka minne kama kombe la mpira, siku wanafungua ni rangi ya chai na inanuka tufaha lililooza, na mwenye nyumba anasema "ndo inavyokuwaga hiyo ya gharama". Sikuwa na moyo wa kumjibu. Mahandaki kule yana nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, gizani. Kama huna friji ya mvinyo basi ilaze kwenye boksi lake sehemu ya chini kabisa ya friji ya kawaida, mbali na samaki, wiki kadhaa haina shida, miezi na miezi sio vizuri maana friji inatetemeka na hewa yake kavu. Kama huna pa kuiweka, inywe. Hiyo ni ushauri wa kweli sio utani.

Kupoza. Watu wanaitupa frizani wanasahau wanakuja kukuta imepasuka, au haikupasuka lakini imeganda ladha yote imekufa. Fanya hivi, chukua ndoo, weka barafu nusu na MAJI nusu, usiweke barafu peke yake maana inagusa chupa sehemu sehemu tu, maji ndo yanabeba baridi yanaizunguka chupa nzima, dakika 25 hadi 30 imetosha. Bila barafu, friji ya kawaida masaa matatu manne. Kuinywa iwe nyuzi 8 kwenda 12, na hii ya umri mkubwa mimi naipenda kwenye 10 au 12, kwa hali ya hewa yetu ukiitoa na 8 ikifika mdomoni ishakuwa 10 tayari. Nilijifunza kwa aibu hii. Miaka ya mwanzo kazini mzee mmoja mgeni aliagiza, nikaileta ina baridi mpaka glasi inatoa jasho, nikamwekea stroberi ndani nikijua namfurahisha. Akaitoa stroberi kwa kijiko taratibu, akasubiri robo saa nzima bila kugusa, akaniita, "kijana, sasa onja." Akanimiminia kidogo. Ile ya robo saa iliyopita ilikuwa maji ya barafu yenye sindano, hii ilikuwa kama mtu kafungua mlango wa tanuri la mkate jirani. Tangu siku hiyo stroberi mi nakula peke yake.

Kufungua, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu kuna macho. Ndani kuna presha ya bar tano hadi sita, hiyo ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo, kizibo kikiruka kinapofua mtu na sio mfano. Usiitikise, usiielekeze kwa mtu, wala juu kwenye feni, nilishaona kizibo kimepiga feni kikarudi kwenye keki ya bibi harusi. Toa karatasi la shingo. Weka dole gumba juu ya kizibo na usilitoe tena mpaka mwisho. Zungusha kishikio cha waya, kwa kawaida ni nusu mzunguko mara sita, legeza waya lakini uache hapo hapo juu ya kizibo unakusaidia kushika. Laza chupa kama nyuzi 45, shika kizibo na kitambaa kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kitako, sasa zungusha CHUPA, kizibo kitulie. Utasikia kinaanza kusukuma chenyewe, mkono wako uwe unakizuia sio unakivuta, kiache kitoke kidogo kidogo. Mlio unaotakiwa ni pumzi tu, fyuuu, kama mtu anashusha mzigo. Ule mshindo wa pah watu wanaoupigia makofi ni gesi unayomwaga na ndani ya ile gesi kuna harufu uliyoilipia.

Glasi. Achana na zile ndefu nyembamba kama mrija, mapovu yanapendeza kwenye picha lakini pua haiingii. Achana pia na zile bapa kama kisosi, harufu yote inakimbia. Glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe, yenye tumbo kidogo na mdomo uliobana, ndo bora kabisa na wengi wanazo. Ioshe ukaisuuze sana, sabuni iliyobaki inaua mapovu, kausha kwa kitambaa cha pamba. Na kitu kimoja kitamu, mapovu hayatoki hewani hivi hivi, yanazaliwa kwenye vinyuzi vidogo vya vumbi na pamba vilivyobaki kwenye glasi, mwanasayansi wa chuo kikuu cha Reims, Gérard Liger-Belair, kazi yake maisha yote ni kuyachunguza hayo mapovu na anasema glasi moja inatoa kama milioni moja. Mimina ukiwa umelaza glasi kama unavyomimina bia, taratibu, gesi inabaki zaidi. Chupa ya kawaida ya sentilita 75 inatosha glasi sita za kiasi, usijaze, theluthi moja tu halafu unaongeza.

Sasa ladha. Kabla hujanywa nusa. Mwanzoni utapata ndimu, balungi, maua meupe. Subiri. Baadaye kidogo inakuja harufu ambayo wengi wanashindwa kuipa jina na mi naiita korosho zilizobanikwa Mtwara, moshi wa mbali, mkate uliotoka tanurini, siagi, saa nyingine kahawa inayokaangwa. Hiyo sio zabibu, ni machicha ya hamira. Baada ya kujaza chupa wanatia sukari kidogo na hamira wakafunga, hamira ikamaliza kula sukari ikatoa gesi, ikafa, ikazama, na miaka yote ile nane maiti zake zinajichambua polepole ndani ya mvinyo zikiupa ule unene na ile harufu ya mkate. Ndo maana nikasema unanunua muda, korosho zile zisingekuja kwa miezi 15. Mwisho wanaigeuzageuza chupa kichwa chini, machicha yanashuka shingoni, wanagandisha shingo, wanafungua, bonge la barafu linaruka na uchafu wote, wanajazia mvinyo na sukari kidogo sana, kama gramu tano kwa lita, wanaweka kizibo cha mwisho. Kwahiyo usitarajie utamu wa soda, ni kavu, neno Brut kwenye lebo ndo hilo. Mdomoni mapovu ni madogo kama hariri hayachomi, kuna ukali wa ndimu unaokufanya umeze mate, na ukishameza kuna uchumvichumvi kidogo kama chaki au jiwe lililolowa, unabaki ulimini dakika nzima. Nywa kidogo, izungushe mdomoni, pumzika. Glasi ya pili itakuwa tofauti na ya kwanza, ya mwisho tofauti zaidi, hiyo ndo raha yake.

Mwanga wa jumla kuhusu nani anaitengeneza, maana mtu akikuuliza: Richard Geoffroy aliisimamia tangu 1990 hadi mwisho wa 2018, alikuwa kasomea udaktari kabla ya kurudi kwenye mvinyo, akamkabidhi Vincent Chaperon. Ile ya 2008 walitoa toleo lenye majina yao wote wawili, ni kama kukabidhiana funguo hadharani.

Chakula. Kitu chenye chumvi na mafuta kinakaa nayo vizuri kuliko unavyodhani. Chaza wabichi kama una pa kuwapata, kamba wa kuchoma kwa siagi, pweza aliyelainika, samaki changu wa kukaanga mkavu, korosho zenyewe, na nitawaambia siri ya jikoni ambayo mahotelini tunaijua, chipsi za moto na kuku wa kukaanga ni ndoa ya halali kabisa na shampeni, ukali wake unakata mafuta kila funda linakuwa kama la kwanza. Kamba wa nazi sawa ilimradi pilipili iwe ya kuaga tu. Urojo hapana, ukwaju na embe vinagombana nayo. Na keki, jamani keki, kitu tunachofanya kila harusi, ukila keki tamu kisha ukanywa hii kavu itaonekana ni siki, halafu watu wanasema haina kitu. Inywe kabla ya keki, tumbo likiwa na njaa kidogo, watu wanne au sita, simu chini baada ya picha mbili tatu.

Ikibaki usiweke kijiko shingoni, haifanyi lolote, nunua kile kizibo maalumu cha kubana chenye mabawa mawili, rudisha friji, kesho bado ni nzuri na wengine wanasema nzuri zaidi, keshokutwa imechoka. Ukishaimaliza chukua kisu ukwangue lebo au uivunje kabisa kabla haijatoka getini, kwa sababu atatokea mtu mstaarabu sana atakuomba chupa tupu "ya kupambia tu" na atakupa hata elfu ishirini, na mwezi ujao kuna bwana harusi anauziwa hiyohiyo imejaa.